Kila Mmoja Apande Mti: Namna ya Kutunga Mzaha kwa Neno Lenye Maana Mbili

Darasa zima liliambiwa: kesho kila mmoja apande mti mmoja. Kesho yake wote isipokuwa mmoja walikuja na majembe. Yeye alikuja pekupeku.

Kama umetabasamu, basi kichwani mwako kumepita kazi kubwa kuliko unavyodhani. Uliposoma "apande mti" ulichagua maana moja bila hata kujua kwamba unachagua. Majembe yakakuhakikishia kuwa umechagua vizuri. Halafu "pekupeku" likakushika shati na kukurudisha nyuma, ukalifungua tena neno ulilokwisha kulifunga, na humo ndani ukamkuta mtoto yuko tayari kukwea. Mwaka 1985 mwanaisimu Victor Raskin alilieleza jambo hili vizuri: maneno ya mzaha hubeba picha mbili zinazopingana, na kicheko huja pale msikilizaji anaporushwa ghafla kutoka picha ya kwanza hadi ya pili.

Washairi huuita mchezo huu jinasi. Walimu hutuambia kuhusu vitawe, yaani maneno yenye maana zaidi ya moja, na vitate, yale yanayokaribiana kwa sauti. Majina hayo yatatusaidia kidogo, lakini mwongozo huu si wa kuainisha. Ni wa kutunga, na nitakaa zaidi kwenye kitu kimoja ambacho nadhani watunzi wengi hukikosea: ngeli. Kiswahili kina tabia ya kuropoka siri ya neno mapema kupitia viambishi vyake, na mtani asiyejua kukizuia huishia kuchekwa yeye badala ya mzaha wake.

Hatua ya kwanza: okota maneno, mzaha baadaye

Chukua daftari au fungua ukurasa kwenye simu. Kila ukikutana na neno lenye sura mbili, liandike. Kamusi ni shamba zuri la kuokotea. Ukifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, utaona baadhi ya vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa humo, vina tarakimu ndogo pembeni: kaa ya kwanza, kaa ya pili, na kuendelea. Hizo tarakimu ni kama alama za kukuonyesha pa kuchimba.

Daftari langu lina kaa (yule wa pwani, lile la moto, na kuketi), paa (mnyama, sehemu ya nyumba, kwenda juu, na kumtoa samaki magamba), mto (wa maji na wa kichwa), tai (ndege na kitambaa cha shingoni), mbuzi (wa malishoni na ya kukunia nazi), mwiko (wa kusongea na wa kukatazwa), jua, meza, shuka, chungu, ua, kata. Na vitenzi: panda, ota, shinda, funga, vua, chana, lia.

Ukiwa mgeni katika kazi hii, anza na vitenzi. Nomino zina mitego yake, tutaiona. Kitenzi hakina ngeli yake mwenyewe, kinafuata tu mtendaji, kwa hiyo kinaweza kubeba maana mbili mchana kweupe bila mtu kushtuka.

Hatua ya pili: lipime neno kwa kulibadilisha

Cicero, msemaji maarufu wa Roma ya kale, alitoa kipimo mwaka 55 KK ambacho bado kinafanya kazi. Badilisha maneno. Kichekesho kikibaki, kilikuwa cha jambo lenyewe. Kikifa, kilikuwa cha neno. Sasa jaribu: "Kila mmoja akwee mti mmoja." Kimekufa. "Kila mmoja aoteshe mti mmoja." Kimekufa pia. Basi mzigo wote umebebwa na neno "panda", na hilo huruhusiwi kuligusa tena hata ukiandika upya mara kumi.

Kipimo hiki kinakuokoa na kosa moja la kawaida: kupamba mzaha kwa visawe. Tumefundishwa shuleni tusirudierudie maneno, basi mtu akifika kwenye neno la msingi anaona aibu kulitumia, analeta kisawe, na kumbe ametupa ufunguo kisimani.

Hatua ya tatu: tafuta mahali maana mbili zinapokutana

Neno kuwa na maana mbili hakutoshi. Lazima upate sentensi ambamo maana zote mbili zinakaa kwa raha. Ukisema "apande mbegu", hakuna wa kukwea. Ukisema "apande mlima", hakuna wa kufukia. Mti ndio mahali ambapo mkulima na mkwezi wanakutana. Hata "apande mche" haifai, maana mche haukweleki, na ukiongeza "juu ya" umeshamwaga siri.

Nichukue kitenzi kingine, kushinda. Maana moja ni kuibuka mshindi, nyingine ni kukaa mahali kutwa. Zinakutana wapi? Nilijaribu "ameshinda nyumbani", ikalemea upande mmoja tu. Nikajaribu "ameshinda kombe", ikalemea upande wa pili. Mwisho nikafika uwanjani:

"Timu yetu imeshinda uwanjani leo."
"Hongereni! Ngapi?"
"Tangu asubuhi."

Tazama "Ngapi?" ilivyo muhimu. Anayeuliza anatusaidia kuamini maana ya kwanza, kama yale majembe. Bila yeye, "tangu asubuhi" ingekuwa taarifa tu. Mtego hautegwi na neno peke yake. Unahitaji mtu au kitu kinachoelekeza macho upande usio sahihi, na mara nyingi huyo ni msikilizaji mwenyewe, hasa ukimpa nafasi ya kuuliza swali.

Wakati mwingine neno lina bahati ya kuwa tayari limo kwenye sentensi ambayo watu husema kila siku, na hapo kazi yako inabaki kuwa ya kusikiliza. Mtu anakuelekeza njia: "Ukifika pale kwenye mnara, kulia." Unauliza kwa adabu zote: "Nikishalia, niendelee moja kwa moja?" Au mtu anakupongeza: "Mwanao ameota ndevu!" Nawe: "Akaamka nazo?"

Hatua ya nne: ficha ngeli

Hapa ndipo penye kazi. Maneno mawili ya Kiswahili yanaweza kufanana kama mapacha, herufi kwa herufi, sauti kwa sauti, lakini yakifungua mdomo tu unayatofautisha. Mbuzi wangu anakula majani. Mbuzi yangu ina kutu. Paa amekimbia, paa limevuja. Ua hili linanukia, ua huu umefagiliwa. Ndege ametua mtini, ndege imetua uwanjani. Silabi moja, na msikilizaji ameshajua unazungumzia nini. Upatanisho wa kisarufi, ambao ndio uzuri wa lugha yetu, ni mbea asiyejua kutunza siri ya mtani.

Kwa hiyo unapotega, mzuie asiseme. Njia ninazozijua ni hizi.

Ya kwanza, liweke neno baada ya "na" au "kwa". Hapo hakuna kiambishi kinacholigusa. "Meneja mpya alikuja na tai shingoni." Hakuna anayejua tai huyo ni wa aina gani, na kwa sababu ya shingo wote wanafikiria kitambaa. Mwenzako anauliza: "Hakumdonoa?"

Ya pili, litumie kama yambwa, yaani kile kinachotendwa, ambayo ndiyo kwanza inatajwa, bila kivumishi wala kiambishi cha yambwa. "Nimenunua mbuzi" haisemi chochote. "Nimemnunua mbuzi" imesema, na "nimenunua mbuzi mpya" ina hatari, kwa sababu anayesikiliza ataanza kujiuliza tangu lini mbuzi wa malishoni akaitwa mpya. Ukibaki na ile ya kwanza, mwenzako atauliza lini atazaa, nawe utajibu kwamba huyu akizaa, atazaa machicha.

Ya tatu, tumia -ni ya mahali. Ukisema "mtoni" umeiondoa nomino kwenye macho ya ngeli. Na mto wenyewe ni zawadi, maana wa maji na wa kichwa wako ngeli moja: mto huu, mto huu, mito hii, mito hii. Hauropoki hata ukibanwa. Hebu soma hii polepole: "Asubuhi tulikikuta kichwa chake mtoni. Alikuwa bado anakoroma."

Huo ni mzaha wa sentensi mbili. Ya kwanza inatisha, ya pili inakuchekesha kwa sababu ilikutisha. Niliwahi kuuongezea polisi na majirani waliokusanyika, nikidhani hofu ikizidi kicheko kitazidi. Hakikuzidi. Watu walipoona polisi wamefika wakaanza kuhisi harufu ya mchezo. Mtego mrefu huonekana.

Ya nne ni ya majina ya jamaa, na hii naipenda kuliko zote. Tunasema "kaka yangu", "shangazi yangu", "nyanya yangu", si "wangu". Kwa maneno mengine, kimilikishi cha ukoo kimevaa nguo za ngeli ya vitu. Basi nyanya wa kuheshimiwa na nyanya ya kukatwa kachumbari, kwenye kimilikishi, hawatofautiani hata kidogo, na kwa wingi vilevile: nyanya zangu. "Niliacha nyanya zangu kwa jirani tangu asubuhi. Niliporudi..."

Kila mtu amekwisha kuona zimeiva zaidi, zimeoza, zimelika.

"...walikuwa wamenuna."

Angalizo dogo: mzaha huu unakufa kifo cha kimya mbele ya mtu anayemwita mzazi wa mzazi wake "bibi" tu. Kwake nyanya ni nyanya. Kabla ya kutega, jua kwamba anayekusikiliza anazo maana zote mbili mfukoni. Ukilazimika kumpa maana ya pili wakati huohuo, umeshakuwa mwalimu.

Hatua ya tano: fyatua kwa silabi moja

Sasa rudi uitazame "walikuwa wamenuna" na "hakumdonoa". Ni nini kilichofyatua mtego? Ni wa-. Ni ile nafsi ya mwenye uhai inayojificha kwenye "haku-" badala ya "haiku-". Yaani yule mbea tuliyemziba mdomo hatua nzima iliyopita, mwishoni tunamwachia aseme. Upatanisho unafichwa mwanzoni na kufichuliwa mwishoni. Lugha nyingi zisizo na ngeli haziwezi kufanya hivi kwa ufupi huo. Mara nyingi zinahitaji maneno kadhaa ya kuonyesha maana imegeuka, sisi tunahitaji silabi.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka kwenye neno "haya". Ni aibu, na pia ni kionyeshi: maua haya, maneno haya. Mtoto amechora maua ukuta mzima wa sebule. Mama anaingia, anashika kiuno.

"Wewe mtoto, huoni haya?"

"Nayaona, mama. Haya mekundu ndiyo mazuri."

Mama hajasema "maua". Angesema "huoni haya maua?" pasingekuwa na karipio. Amesema kile ambacho mama yeyote angesema. Aibu inaonwa, lakini mtu husema "naona haya", hasemi "nayaona". Ile -ya- katikati ya kitenzi ndiyo inayopindua meza, na kila kitu kinachofuata ("haya mekundu") ni cha kumpa msikilizaji muda wa kuifikia. Ndiyo maana nisingekata jibu pale kwenye "Nayaona, mama". Mzaha wa silabi moja ni mwepesi mno, ukimalizika papo hapo nusu ya watu wanaukosa.

Unapoandika wako, fanya zoezi hili: andika jibu la mwisho mara tatu, kila mara ukiondoa neno moja linaloeleza. Ukifika mahali ambapo kuondoa jingine kunaua maana, simama. Kama bado lina maneno kama "kumbe" au "yaani", kuna uwezekano mkubwa unaeleza, hufyatui.

Hatua ya sita: kata neno pasipokatwa

Kiswahili kinabandika mengi kwenye kitenzi kimoja: nafsi, wakati, yambwa, mzizi, kauli. Kwenye mabandiko hayo ya silabi hujificha maneno mengine kabisa ambayo hakuna aliyeyakusudia. Watoto wanalijua hili kabla hawajajua kuandika.

"Nani alivunja dirisha?"
"Mwalimu, si umeshamtaja mwenyewe. Ali."

Kila kitenzi cha wakati uliopita chenye nafsi ya tatu umoja kimembeba Ali mgongoni: alikula, aliiba, alikimbia. Maskini Ali amefanya kila kosa katika lugha hii.

Halafu kuna ku- mbili zinazofuatana, moja ya kitenzi na moja ya "wewe". Wageni wanabisha hodi, mwenyeji anafungua, wanamwambia kwa uchangamfu: "Tumekuja kukuchukua!" Naye anageuka kuangalia banda: "Kuku mnachukua wangapi?"

Na kuna sita, iliyojificha kila unapokataa kwa nafsi yako kwa wakati ujao: sitakuja, sitakula. "Kesho mtakuja wangapi?" Unajibu "Sita", unaacha pumzi moja, mwenzako anaanza kuhesabu viti, unamalizia "...kuja." Huu ni wa mdomo tu. Ukiuandika, jicho linaona "sitakuja" yote kwa mkupuo na mchezo unakwisha kabla haujaanza.

Sema au andika?

Hapo tumegusa jambo ambalo limewahi kuniaibisha. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo maneno yanayofanana kwa sauti kwa kawaida hufanana na kwa maandishi, na mzaha mwingi unaweza kupita njia zote mbili. Lakini kuna mkazo. Kwa kawaida mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hatuuandiki. Barabara ya magari inafuata kanuni hiyo, baraBAra. Ile ya "sawasawa, ipasavyo" inakaidi, baRAbara. Kwenye karatasi ni kitu kimoja.

Basi niliwahi kuandikia kundi la marafiki: "Tulimwita fundi wa nyumba. Akajenga barabara." Wakacheka, wengine wakauliza nyumba iko wapi. Nikapata kiburi. Wiki chache baadaye nikausimulia mzaha uleule kwa mdomo kwenye kikao cha watu wazima. Ulipofika wakati wa lile neno nililazimika kuchagua pa kuweka mkazo. Nikachagua barabara ya magari. Pakawa kimya. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole: "Kwa hiyo mlimshtaki?"

Kabla ya kuupeleka mzaha mahali, usome kwa sauti. Kama ulimi unalazimika kuchagua upande, ubakize kwenye maandishi. Kama jicho linaunganisha kile ulichotaka kitenganishwe, ubakize mdomoni.

Nahau, ukizichukua neno kwa neno

Hapa sina mengi, kwa sababu ni rahisi na kila mtu anafanya. Nahau ina maana yake iliyozoeleka na ina maana ya maneno yake. Wewe jibu ile ambayo hakuna aliyeiuliza.

"Nimeshakata tiketi." "Vipande vingapi?"

"Nimempiga picha." "Kavimba?"

"Babu amekula chumvi nyingi." "Ndiyo maana daktari amemkataza."

Salamu zetu za kila siku nazo ni za kundi hili. "Habari?" "Sijasikiliza redio bado." Umegongwa na baiskeli, mtu anakuambia "Pole", unajishika goti: "Pole wapi, ilikuja mbio!" Unamsubiri mtu, unampigia, "Uko wapi?" anakujibu "Karibu", nawe unamwuliza kwa nini anakukaribisha ilhali mgeni ni yeye.

Ndugu wa karibu wa nahau ni -a unganifu, kile kiungo kidogo kisichosema uhusiano wa vitu ni upi. Dawa ya kikohozi inakiua kikohozi. Dawa ya mtoto haimwui mtoto. Basi mtu akiingia dukani akasema "Naomba dawa ya panya", muuzaji ana haki zote za kuuliza: "Anaumwa nini?"

Ila mizaha ya aina hii ina umri mfupi. Mara ya kwanza ni kicheko, mara ya tatu watu wanakukwepa. Mjomba anayejibu kila "habari" kwa redio hana tena mtu wa kumsalimia. Kama unataka kuitumia, itumie siku ambayo hakuna anayeitegemea.

Vitate: kukaribia bila kufika

Wakati mwingine maneno hayafanani, yanapishana tu kwa herufi. Kalamu na karamu. Kura na kula. Gari na ghali. Samani, zamani na thamani, ambazo zinakaa vizuri hata katika sentensi moja: samani za zamani zina thamani. Hapa hakuna utata wa kweli, maana sikio linasikia tofauti. Kichekesho kinatoka kwenye kujifanya hukusikia vizuri: alialikwa karamu, akaja na wino.

Uamuzi wangu binafsi: vitate vinafaa kwa mchezo wa sauti na kwa kejeli. Anayesema kwamba wengine wanasubiri kura na wengine wanasubiri kula, ametoa hoja, si mzaha tu. Lakini kumcheka mtu kwa sababu ulimi wake unachanganya r na l ni jambo jingine. Hapo hujacheza na neno, umecheza na mtu. Isitoshe, mzaha wenyewe haukukugharimu chochote, hukuutunga, umeuokota kinywani mwa mwenzako.

Wakati wa kuutoa

Uso wako usijue kinachokuja. Anayeanza kucheka kabla ya neno la msingi anawaambia wote watazame pale pale alipoficha. Sema neno lile kwa uzito uleule wa maneno mengine, usilisisitize, usilirudie. Kisha toa la mwisho na unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Kuna sekunde moja hivi ambayo hakuna anayecheka kwa sababu wote wako njiani kurudi kwenye neno la kwanza, na katika sekunde hiyo mtunzi mwoga huanza: "Yaani, si unajua kupanda kuna maana mbili..." Akianza hivyo, amewachukua watu mkono njiani na kuwafikisha mwenyewe. Safari yao ndiyo ilikuwa kicheko.

Usitegemee kicheko kila mara. Mzaha wa maneno mara nyingi hupokewa kwa mguno, "Aaah, toka hapa!", au mtu anakutupia kitambaa. Hayo ni makofi. Kibaya ni "Mh?", hapo maana ya pili haikufika, na dawa si kueleza, ni kupita kama vile hukusema kitu.

Kitu cha mwisho cha kukagua ni maana ya tatu. Maneno mengi ya kawaida yana kivuli cha matusi pembeni, hasa vitenzi, na kivuli hicho hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa na kizazi hadi kizazi. Ukiona vijana wanacheka zaidi ya ulichostahili huku wazee wanaangalia chini, umetega kwa maana mbili na mtego umefyatuka kwa ya tatu. Muulize mtu wa rika jingine kabla hujaupeleka mbele ya wakwe.

Mimi huwa namjaribia mama. Nilipomaliza kuandika ukurasa huu nilimsogezea simu, nikakuza herufi ili azione vizuri, nikamwuliza: "Mama, unaona haya?"

Akarekebisha miwani. "Nione mimi, wakati mwandishi ni wewe?"